Utafiti wa Kupewa, Utafiti wa Kutazamwa

Mkutubi wa ofisini kwetu alikuja kunipa pole akiwa na sukari, unga, miche miwili ya sabuni na kompyuta. Vile vya kwanza alimkabidhi mama mkwe wangu barazani, kama ilivyo desturi. Kompyuta aliingia nayo ndani mwenyewe, akaiweka juu ya meza ambayo mume wangu alikuwa akila chakula juu yake, akanitazama.

"Dada, kama hutaki nitairudisha," akasema. "Hakuna mtu atakulaumu."

Nikamwambia aiache.

Nilikuwa nimekaa eda. Nisingeweza kwenda ofisini Msambweni mpaka eda iishe, na kukaa siku nzima nikitazama ukuta nilikuwa nimekwisha kujaribu. Mkutubi ni mwanamke wa bara, Mkristo, anaishi Ukunda, na mambo ya eda aliyajua kwa kuuliza. Aliuliza kama kusoma kunaruhusiwa. Mama mkwe akajibu kutoka barazani kwamba kilichokatazwa ni manukato, si kompyuta.

Kazi yenyewe niieleze, maana hata mama mkwe ilimchukua muda kuielewa. Madaktari na watafiti wa dunia nzima huandika makala. Makala hizo huwekwa katika hifadhidata, yaani maghala ya kwenye mtandao, na ni nyingi hata hakuna binadamu atakayezisoma akazimaliza. Mtu akitaka kujua jambo moja, tuseme kama moshi wa kuni huharibu kifua, akaandika tu "moshi" na "kifua", atamwagiwa makala za kila namna: barua za wahariri, majaribio ya panya, maoni ya watu waliogombana. Kwa hiyo wakutubi hutunga kichujio. Kichujio ni mfuatano wa maneno yaliyounganishwa kwa "au" na "na", unaoambatanishwa na swali, ili ghala litoe makala za aina inayotakiwa na kuziacha nyingine. Mama mkwe aliposikia neno hilo aliuliza kama ni kile cha tui. Nikamwambia si mbali sana na hicho.

Kwa utafiti wa majaribio, vichujio vizuri vipo siku nyingi, kwa sababu waandishi wake hujitaja waziwazi: tuliwagawa watu kwa kura, hawa tukawapa dawa, wale hatukuwapa. Shida ni ule utafiti mwingine, ambao mtafiti habadilishi maisha ya mtu. Huwaacha watu waishi wanavyoishi, akawafuata na kutazama kinachowapata. Huo waandishi huuita kwa majina mengi, na wengine hawaupi jina lolote. Husema tu kwamba walikwenda mahali fulani wakauliza, wakapima. Kichujio hakijui maana, kinajua maneno. Neno lisipokuwepo, makala hupita pembeni kana kwamba haikuandikwa.

Sasa, ili ijulikane kama kichujio ni kizuri, lazima awepo mtu aliyeyasoma majarida kwa macho yake, ukurasa kwa ukurasa, akatenga hizi ndizo na hizi sizo. Halafu kichujio hupitishwa juu ya makala zilezile, ionekane kimenasa ngapi katika zile zilizotengwa, na kimeokota takataka kiasi gani. Mtu huyo wa macho ndiye niliyekuwa mimi. Kwa kawaida huwa wawili, kila mmoja akasoma peke yake, wakalinganisha. Mwenzangu alikuwa ameolewa akahamia Mackinnon Road, na mwingine hakuwa amepatikana.

Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na si ya alama za kujivunia. Nilianza kwa kutembea vijijini nikiwauliza watu maswali ya watafiti, upande wa Msambweni hadi Kikoneni, kisha nikawekwa ofisini kuingiza majibu kwenye kompyuta. Kiingereza cha makala nilikijua kwa kukirudia. Ukisoma makala nyingi za aina moja unakuta zina milango ileile: kwa nini tulifanya, tulifanyaje, tuliona nini. Mimi nilihitaji kuingia mlango wa pili tu.

Majarida yalikuwa ya magonjwa ya kifua. Mkutubi aliniuliza kama nitaweza, kwa sababu alijua mume wangu alikufa kwa kifua. Niliweza. Sikulia nikisoma. Wagonjwa wa kwenye makala hawana majina wala nguo.

Mume wangu alikuwa mkata mawe katika timbo moja upande wa Tiwi. Mawe yetu ya pwani ni matumbawe, meupe, na nyumba na hoteli nyingi kutoka hapa mpaka Diani zimejengwa kwa mawe hayo. Zamani yalikatwa kwa mkono. Siku hizi kuna mashine yenye msumeno wa duara, na mashine hiyo hutoa vumbi kama unga wa ngano. Jioni alirudi akiwa mweupe hadi kope. Nilizichukua nguo zake nikazikung'uta mlangoni kabla ya kuzifua. Alikohoa kwa miaka. Alipimwa kifua kikuu, makohozi hayakuonyesha kitu, akapewa dawa za kifua kikuu hata hivyo, akazimaliza, akaendelea kukohoa. Kwenye kadi yake ya hospitali, mahali pa kuandika kazi, paliandikwa "kibarua". Alifariki asubuhi, chai yake ikiwa mezani imefunikwa.

Mdogo wake ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya pili katika timbo lilelile. Tangu mazishi hakurudi kazini. Anaishi nyumba ya uani, na asubuhi mimi na mama mkwe tulikuwa tukimsikia. Ni kikohozi kilekile kinavyoanza, kifupi, kama mtu anayepiga hodi bila kutaka kufunguliwa. Mama mkwe alikuwa akinyamaza kila anapokisikia, hata kama alikuwa katikati ya neno.

Siku moja baada ya sala ya Ijumaa shemeji alikuja akasimama nje ya dirisha langu. Pazia lilikuwa limeshushwa, kwa kuwa mtu aliye edani hakai uso kwa uso na mwanamume anayeweza kumwoa, na shemeji ni mmoja wao. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani akichambua mchele, kati yangu na yeye.

"Shemeji, hujambo humo ndani?"

"Sijambo. Habari za msikitini?"

"Njema. Watu wanauliza, ati kompyuta imekuposa?"

"Wee!" mama mkwe akasema. "Chunga ulimi. Huyu yuko edani."

"Mama, mbona unanigombeza mimi? Mimi nimesimama nje. Kompyuta ndiyo iliyoingia mpaka ndani."

Mama mkwe alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, nami nikasikia jinsi shemeji alivyonyamaza kidogo ili mama yake acheke vizuri. Halafu sauti yake ikabadilika.

"Shemeji, msimamizi wa timbo amenipigia. Anataka nirudi, la sivyo mashine ampe mtu mwingine. Nataka nikuulize. Katika hayo unayosoma, wapo wakata mawe? Ni vumbi lililomuua kaka?"

Mchele uliacha kuchambuliwa.

"Nipe muda nitafute," nikasema.

"Tafuta. Ukiniambia ni vumbi, sirudi. Ukiniambia si vumbi, narudi. Mimi nitakusikiliza wewe. Hospitali wananena hivi, msimamizi ananena hivi, ati mawe yetu ni chokaa tupu, mtu hula chokaa na tambuu asife. Wewe huna unachouza."

Nilitafuta kwa njia niliyofundishwa. Niliandika maneno ya mawe, ya vumbi, ya kifua, nikayaunganisha, kisha nikaambatanisha kichujio cha mkutubi, kilichokuwa bado kinajaribiwa. Pamoja na kichujio zilitoka makala chache; nikazipangua kwa kanuni yangu ileile ya kazini, na katika zilizobaki hakuna iliyohusu watu wa namna ya mume wangu. Niliondoa kichujio, zikamiminika nyingi hata sikujua nianzie wapi: mawe ya figo, mawe ya nyongo. Nikairudia ile kazi yangu mwenyewe, zile makala nilizokwisha kuzitenga kwa mkono na kuzitia alama ya "ndiyo". Humo hamkuwa na mkata mawe hata mmoja.

Ijumaa iliyofuata nilimwambia kupitia dirishani, "Sijaona kitu."

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi si vumbi."

"Sikusema si vumbi. Nimesema sijaona."

"Ni mamoja, shemeji. Wewe umesoma dunia nzima. Ingekuwepo ungeiona."

"Sijasoma dunia nzima."

Lakini alikuwa amekwisha kuondoka, na hatua zake zilikuwa nyepesi. Jumatatu alirudi timboni. Msimamizi alimweka kwenye mashine ya kaka yake, kwa kuwa ilikuwa mpya kuliko ile nyingine.

Jioni ile mama mkwe aliniletea uji, akauweka, akasimama.

"Mwanangu, ungemwambia ni vumbi, ungepungukiwa na nini?"

"Sikuliona, mama."

"Mimi nimezika mmoja. Kuona kwangu kunanitosha."

Yeye hakuhitaji makala, na katika hilo sikuweza kumpinga. Lakini shemeji hakumwuliza yeye, aliniuliza mimi, na aliniuliza kwa sababu aliamini sitamwambia nisichokijua.

Niliendelea kusoma. Kulikucha na kuchwa, na saa kumi na moja jioni nguo nyeupe za vumbi zilianikwa tena kwenye kamba uani.

Baadaye mkutubi alikuja bila kunipigia simu kwanza. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia mama mkwe shikamoo, akaingia na kuketi kitandani pangu bila kukaribishwa, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

"Dada, kuna kitu imenisumbua," akasema. "Nimepitisha kichujio juu ya kazi yako. Kinanasa makala ambazo wewe umeandika 'hapana'. Si moja, si mbili, ni nyingi. Ama kichujio ni kibovu, ama ni wewe. Mimi nilikuwa nataka iwe kichujio."

"Tuzitazame," nikasema.

Alifungua ya kwanza. "Hii, kwa nini hapana?"

"Hii ni ya kupewa."

"Kupewa nini?"

Nilimwonyesha mstari, katika ule mlango wa pili. Akasoma kwa sauti. Watu walioshiriki walipewa sabuni. Akafungua nyingine. Walipewa sukari. Nyingine, nauli na kitambaa cha mezani. Alipofika ya nne aliweka mkono mdomoni, kwa sababu nyumba ilikuwa ya msiba, lakini mabega yalikuwa yakimtikisika.

"Dada, kwani sabuni ni dawa ya kifua?"

Ilinibidi nimweleze. Nilipokuwa nikitembea vijijini, watu hawakutuuliza majina marefu ya utafiti. Ukipiga hodi, ukaamkia, ukaketi, mwenye nyumba huuliza swali moja: huu ni wa kupewa au ni wa kutazamwa? Wa kupewa ni ule ambao mtu huondokewa na wageni akibaki na kitu mkononi. Wa kutazamwa ni ule ambao watu huja wakapima mkono, wakachukua mkojo wa watoto, wakaandika, wakaenda zao. Na kwetu, hata kama kilichobaki ni kipande cha sabuni, ni kupewa. Kupewa hakupimwi kwa ukubwa. Mtu aliyekula sukari yako hawezi kusema hukumpa kitu. Kwa hiyo mkutubi aliponifundisha mara ya kwanza kwamba katika majaribio watu hupewa kitu na katika ule mwingine hutazamwa tu, nilitikisa kichwa. Niliona ameniambia jambo ninalolijua. Sikuuliza zaidi, naye hakuona sababu ya kueleza zaidi.

"Hiyo sabuni ilikuwa ni asante," akasema. "Mtu amepoteza asubuhi yake, unamwambia asante. Swali si kama walipewa kitu. Swali ni, hicho kitu ndicho walikuwa wanakipima? Walitaka kujua kama sabuni inaponya? Hapana. Walikuwa wanatazama tu. Mimi nilikuletea sabuni siku ya pole. Nilikuwa nakufanyia majaribio?"

"Sabuni yako nzuri, mwanangu," mama mkwe akasema kutoka barazani, maana ukuta wetu hauzuii neno. "Mche mmoja tumeujaribu. Wa pili nimeuweka."

Hapo mkutubi akacheka kwa sauti, nami nikacheka, na ilikuwa ajabu kukisikia kicheko changu ndani ya chumba kile.

Aliponyamaza alisema kazi yote ya "hapana" irudiwe, na safari hii atatafuta mtu wa pili wa kusoma pamoja nami. Hakuwa na hasira. Alisema kosa lake ni kuniacha peke yangu, na kwamba lazima aliandike kwenye taarifa jinsi lilivyotokea, ili atakayekuja baada yetu ajue. Nikamwambia aandike.

Nilianza kuzirudia kesho yake asubuhi. Nilikuwa nikizigeuza moja baada ya nyingine, hizi ndiyo, hizi kweli hapana, na ndipo nilipowakuta. Wakata mawe. Wapasua mawe, wachimba mawe, wasaga mawe. Wa nchi mbalimbali, na mawe yao mbalimbali. Nilikuwa nimewapitia zamani, nikafika mahali palipoandikwa kwamba walipewa kitu mwisho wa siku, nikawaandikia "hapana" na kuwasahau. Wapasua mawe ni watu maskini. Mtafiti mwenye adabu hawaachi mikono mitupu. Kwa hiyo kanuni yangu iliwatupa wao kuliko watu wengine.

Nilizisoma zile makala kwa utulivu mpaka mwisho, milango yote, siyo wa pili tu. Wengi walioandika humo walikuwa wakizungumzia mawe magumu, yasiyofanana na yetu, yenye vumbi la aina nyingine. Walitazama vifua, na katika baadhi ya mawe hayo waliona vimeharibika. Juu ya matumbawe sikuona neno. Sikuona mtu aliyekuja timbo kama letu akatazama. Nilitafuta tena bila kichujio, kwa subira, nikipita mawe ya figo na ya nyongo, na bado sikuona.

Kwa hiyo bado nilikuwa sijui. Lakini ile kauli niliyompa shemeji, sijaona kitu, haikuwa kweli tena. Nilikuwa nimeona kitu. Na yeye alikuwa timboni, juu ya mashine ya kaka yake, kwa sababu ya kauli ile.

Nilimpigia simu. Alipokea, nikasikia msumeno, nikasikia "Shemeji? Shemeji?", kisha simu ikakatika. Nilipiga tena, ikawa vilevile. Mimi kwenda timboni haikuwezekana. Mama mkwe aliniona na simu mkononi akauliza kuna nini, nami nikamweleza yote.

Alivaa buibui palepale.

"Naenda mwenyewe. Nitamwambia umeona. Ni vumbi."

"Mama, sikuona kwamba ni vumbi."

"Umeona wakata mawe wamekufa kifua."

"Wa mawe mengine."

"Jiwe ni jiwe."

"Mama, keti kidogo." Aliketi, lakini pembeni, kama mtu anayengoja gari. "Ukimwambia ni vumbi, atamwambia msimamizi. Msimamizi atamwuliza, vumbi gani, mawe gani? Atakuja kuniuliza mimi, nami nitamwambia ni mawe mengine. Atajua umemdanganya kwa jina langu. Baada ya hapo hatasikiliza mtu yeyote."

"Basi mdanganye wewe vizuri."

Alilisema bila mzaha, na macho yake yalikuwa makavu. Yule alikuwa mtoto wake wa mwisho. Nilimwelewa, na sikumlaumu, na siwezi kumlaumu hata leo. Jambo lilikuwa karibu sana na mkono wangu. Lingetosha neno moja. Shemeji alikwisha kusema mwenyewe kwamba akiambiwa ni vumbi harudi.

"Mwite tu aje," nikasema. "Mwambie kwamba mimi nilikosea, nataka kusahihisha. Usimwambie zaidi."

Alikwenda. Kabla hajatoka alinitazama kwa muda mrefu, na mimi sikujua kama atasema maneno niliyompa au yake.

Walirudi pamoja alasiri. Kupitia pazia niliona umbo lake tu, jeupe kuanzia kichwani, na kwa kufumba na kufumbua nilimwona mtu mwingine. Mama mkwe aliketi mahali pake pa siku zote. Alikuwa hajasema kitu. Nilijua kwa swali la kwanza la shemeji.

"Mama ameniita kama polisi, hasemi kosa. Kuna nini, shemeji?"

Nilimweleza. Nilimweleza jinsi tunavyosoma, na jinsi nilivyozitupa zile za kupewa, na sabuni, na sukari, na kwamba waliokuwa ndani ya zile nilizozitupa ni wapasua mawe.

Kisha akasema, "Subiri. Yaani umenirudisha timboni kwa sababu ya sabuni?"

"Ndiyo."

"Sabuni ya kufulia?"

"Sabuni na sukari."

"Lahaula! Nitawaambia nini watu?" Alicheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi, akainama mpaka kikaisha. Alipojiinua alikuwa hatanii tena. "Haya. Sasa niambie. Ni vumbi au si vumbi?"

"Wako waliotazama wakata mawe wa mawe mengine, magumu kuliko yetu, na katika baadhi yao wakaona vifua vimeharibika. Kwa mawe yetu sijaona aliyetazama. Si kwamba walitazama wakaona ni salama. Sijaona aliyetazama."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

"Na juu ya kaka?"

"Juu ya kaka yako sijui, na sidhani nitajua. Hakuna aliyemtazama kama mkata mawe. Kadi yake imeandikwa kibarua."

Nilimsikia mama mkwe akivuta pumzi. Nilidhani atasema lake sasa. Hakusema.

Shemeji alikaa juu ya ngazi, akaanza kujipangusa mikono, akaacha, maana vumbi lilikuwa likimrukia mama.

"Wajua, msimamizi anajua," akasema taratibu. "Daktari wa kaka alijua. Mama naye anajua. Kila mtu anajua, na kila mmoja anajua lake. Wewe uliyekaa ndani unasoma tangu tuzike ndiwe usiyesema unajua." Akamgeukia mama yake. "Kama hakuna aliyetazama, basi nitazamwe mimi. Mama, kesho twende hospitali Msambweni. Lakini wakinipa sabuni, shemeji, nitaikataa. Usije ukanitupa."

Mama mkwe alimwambia anyanyuke akaoge. Sauti yake ilikuwa ya ukali, lakini alijifunika uso kwa ukingo wa buibui.

Walikwenda. Sikuwa nao, kwa hiyo naandika nilichosimuliwa na mama mkwe. Alipoulizwa kazi yake, shemeji alisema mkata mawe. Mwandishi wa kadi akaanza kuandika kibarua, na shemeji akamwomba, kwa adabu, aandike mkata mawe, wa matumbawe, kwa mashine. Yule mtu akamwambia nafasi haitoshi. Shemeji akamwambia aandike kwa herufi ndogo. Foleni nyuma ikalalamika. Hatimaye iliandikwa. Picha ya kifua ilionyesha kovu dogo upande mmoja, na daktari akasema hawezi kulitaja jina lake kwa picha moja, arudi tena baadaye, na wakati huo akae mbali na vumbi kadiri anavyoweza.

Kadiri anavyoweza ikawa hivi: aliiacha mashine, akaenda kwenye kupakia mawe yaliyokwisha kukatwa. Msimamizi alimwita mwoga mbele ya wenzake. Timbo hakuliacha, kwa sababu hana kazi nyingine, na sitasema aliliacha. Asubuhi bado tunamsikia, siku nyingine kidogo, siku nyingine zaidi. Sijui kama kinapungua. Nikiulizwa husema sijui.

Eda yangu iliisha, nikarudi ofisini. Msomaji wa pili alipatikana, na kichujio kilipopitishwa upya kilionekana kizuri kuliko tulivyodhani, ingawa makala zisizojitaja bado zinakipita. Mkutubi anaendelea kukiongezea maneno.

Nguo za shemeji anafua mama mkwe, nje, mbali na mlango, kwa ule mche wa pili alioweka. Hazikung'utwi tena. Anazilowesha kwanza zikiwa zimekunjwa, vumbi likazama kwenye maji, ndipo anapozifungua.